Baada ya Matibabu ya Saratani, Nani Anabaki na Mgonjwa?



Katika matoleo yaliyopita tumezoea kuwaletea habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa na ada za wanafunzi. Safari hii tunapenda kueleza jambo ambalo halionekani kwa urahisi, wala haliwezi kupigwa picha siku ya uzinduzi. Ni habari ya watu waliotibiwa saratani wakarudi nyumbani, na ya matabibu wa zahanati wanaotakiwa kuwahudumia kwa miaka mingi baada ya hapo. Tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Ushuhuda uliofunga mlango

Miaka kadhaa iliyopita usharika mmoja katika mkoa wetu ulimchangia mama mmoja aliyegundulika kuwa na saratani ya titi. Michango ilitoka kwaya, Idara ya Wanawake na wafanyabiashara wa sokoni. Mama alisafiri, akafanyiwa upasuaji, akapewa dawa za dripu na baadaye mionzi. Alirudi baada ya miezi mingi akiwa amekonda lakini akitabasamu. Jumapili iliyofuata ilifanyika ibada ya shukrani. Alisimama mbele, akashuhudia kwamba amepona, na sisi tuliokuwepo tulipiga vigelegele. Katika daftari letu la mradi tuliandika kwamba kazi imekamilika.

Haukupita muda mrefu akaanza kukosekana ibadani. Wengine walidhani amehamia kwa watoto wake. Parish worker alipomtembelea alimkuta amekaa ndani, mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji umevimba hadi vidole. Usiku alikuwa akipatwa na joto la ghafla na jasho, na katika zahanati tatu tofauti alikuwa amepewa dawa ya malaria. Vidonge alivyopewa hospitalini, ambavyo alitakiwa kuvimeza kila siku kwa miaka mitano, vilikuwa vimekwisha na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba aliona aibu. Kanisa zima lilikuwa limemshukuru Mungu kwa kupona kwake. Angewezaje kurudi mbele ya watu wale wale na kusema kwamba bado anaumwa?

Jibu hilo lilituumiza. Tulikuwa tumelipa nauli ya kwenda na kurudi, lakini hatukuwa tumefikiri juu ya siku inayofuata. Tunaisimulia habari hii kwa ruhusa yake, bila kutaja jina wala usharika.

Daktari wa familia kwetu ni nani?

Katika nchi nyingi za Ulaya kila mtu ameandikishwa kwa daktari wa familia. Daktari huyo anamjua mgonjwa, mke wake au mume wake na watoto wake, na taarifa zote za hospitali kubwa hurudishwa kwake. Mgonjwa akimaliza matibabu ya saratani, daktari wa familia ndiye anayeendelea naye.

Katika Mkoa wa Katavi kazi hiyo hufanywa na tabibu wa zahanati, mganga mfawidhi wa kituo cha afya na muuguzi aliye zamu. Hao ndio wanaozijua familia. Tabibu huyo huyo anapima malaria, anashona majeraha, anasaidia mzazi usiku, anajaza taarifa za mwezi na kupokea wageni wa wilaya. Mgonjwa wa saratani anapofika kwake anaweza kuwa wa kwanza mwaka huo.

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Yaani katika miaka kumi idadi ya watu imezidi maradufu, na wengi wanaishi mbali na mji wa Mpanda: Mishamo, Mwese, Karema, Ikola, Inyonga, Majimoto na vijiji vingi katikati yake. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na tunaishukuru Serikali kwa hatua hiyo. Lakini tiba ya mionzi haipo hapa. Kwa miaka mingi Watanzania wote waliohitaji mionzi walielekea Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 katika eneo la hospitali ya zamani ya Wajerumani. Katika miaka ya 2010 Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ilianza kutoa mionzi, na jambo hilo limepunguza safari kwa watu wa kanda za magharibi na ziwa. Hata hivyo kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu moja, na Mwanza nako si karibu kwa mtu anayeuza debe la mpunga ili apate nauli.

Kwa hiyo mgonjwa hutibiwa mbali kwa wiki au miezi, kisha huishi hapa kwa miaka. Ile miaka ndiyo tunayoizungumzia.

Matibabu yanaokoa, lakini yanaacha alama

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka. Kwa wanawake saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na ya titi. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Lakini wapo wanaowahi, wanatibiwa na kuishi, na kila mmoja wa hao anahitaji mtu wa kumwangalia.

Ni muhimu tuelewe kwamba dalili nyingi zinazokuja baadaye si uchawi, si laana, na si lazima iwe saratani imerudi. Ni madhara ya tiba yenyewe. Tunaeleza yale ambayo matabibu wetu wanakutana nayo zaidi.

Mkono kuvimba baada ya upasuaji wa titi. Daktari wa upasuaji anapoondoa tezi za kwapani, njia za kurudisha maji ya mwili zinapungua, na mionzi inaweza kuziba nyingine. Mkono hujaa taratibu. Uvimbe huu unaweza kuanza hata miaka kadhaa baadaye, na tumesikia ukiitwa matende au kutupiwa kitu. Haufutiki kabisa, lakini ukishughulikiwa mapema hudhibitiwa: kuuinua mkono wakati wa kupumzika, mazoezi mepesi, kufunga bandeji kwa namna inayofundishwa, kutunza ngozi, na kuvaa glavu wakati wa palizi au kuchambua tumbaku. Mkono huo ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, ni maambukizi, na mgonjwa anahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo.

Joto la ghafla na vidonge vya muda mrefu. Wanawake wengi waliotibiwa saratani ya titi hupewa tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano, na baadhi hadi kumi. Dawa hii hupunguza hatari ya saratani kurudi, lakini huleta joto la ghafla na jasho la usiku. Hapa Katavi, mtu akisema usiku alikuwa na joto, wazo la kwanza ni malaria. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo kwanza. Kipimo kikisema hakuna malaria, aulizwe ameshawahi kutibiwa nini. Vilevile mwanamke anayetumia dawa hii akitokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Madhara ya mionzi ya nyonga. Mama aliyepigwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza, miezi au miaka baadaye, kupata choo chenye damu, kuharisha, au mkojo wenye damu. Katika zahanati atatibiwa amiba mara tatu na kichocho mara mbili. Magonjwa hayo yapo kwetu na yapimwe, lakini kama vipimo havionyeshi kitu, tabibu akumbuke mionzi na ampe rufaa, kwa sababu damu hiyo inaweza pia kuwa saratani imerudi. Mionzi hiyo husimamisha ovari kufanya kazi, hivyo mwanamke wa miaka thelathini na tano hukoma hedhi ghafla na hawezi kuzaa tena. Mkojo au kinyesi kikianza kupita ukeni, hiyo ni fistula, na ana haki ya kupelekwa kwa daktari bingwa badala ya kufichwa chumba cha nyuma.

Tendo la ndoa. Tunaomba wasomaji watuvumilie tukisema wazi, kwa sababu ukimya juu ya jambo hili umevunja nyumba. Baada ya mionzi, uke unaweza kukauka, kusinyaa na kuwa mwembamba. Mke anaumia, mume anadhani anakataliwa, na majirani wanajazia mengine. Yapo mambo ya kusaidia: vilainishi, vifaa maalumu vya kutanua uke vinavyotolewa na kuelekezwa kliniki, na zaidi ya yote mazungumzo ya wote wawili pamoja na mhudumu wa afya. Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na mionzi ya mashine haibaki mwilini ikamdhuru mume. Wachungaji na wainjilisti wanaotoa ushauri wa ndoa wanapaswa kujua hili.

Ganzi na kuungua miguuni. Baadhi ya dawa za dripu, kama vinkristini, sisplatini na paklitakseli, huumiza mishipa ya fahamu. Mgonjwa husikia miguu ikiwaka moto au haisikii kabisa. Mtu asiyesikia mguu wake anaweza kukanyaga kaa la moto jikoni asijue. Ushauri wa tabibu ni rahisi: vaa viatu, kagua nyayo kila jioni, jihadhari na mafiga. Dawa kama amitriptilini kwa kiwango kidogo huwasaidia baadhi yao.

Moyo. Dawa iitwayo doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo, na dalili zikaonekana hata baada ya miaka. Mtu akija na miguu kuvimba na pumzi kukata, swali moja tu, "Uliwahi kupata dripu za saratani?", linaweza kubadilisha njia yote ya matibabu.

Kinywa na taya. Aliyepigwa mionzi ya kichwa au shingo hukaukiwa mate, na meno yake huoza haraka. Asing'olewe jino hovyo, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri. Kwanza waulizwe waliomtibu. Shingo ikipigwa mionzi, tezi ya shingoni inaweza pia kulegea, na mtu akawa mchovu, mzito na wa kusikia baridi siku zote.

Watoto. Hapa kwetu penye malaria nyingi, watoto hupata saratani ya taya na tumbo iitwayo Burkitt. Ni saratani inayoitikia dawa vizuri, na watoto hutibiwa Bugando, Muhimbili na kwingineko. Mtoto aliyepona anarudi shule akiwa amepoteza mwaka, pengine na ganzi ya miguu au masikio yasiyosikia vizuri. Mwalimu asiyejua atamwita mvivu.

Mwisho, lipo lile lisiloonekana: uchovu usioisha kwa usingizi, hofu kila kinapouma kidole, na huzuni. Mara nyingi mtu hupata huzuni hii baada ya matibabu kwisha, wakati ndugu wamerudi kwenye shughuli zao.

Kwa nini zahanati inakwama

Tulipoanza kuzungumza na matabibu tulidhani tatizo ni kukosa elimu. Tuliandaa semina ya siku mbili yenye maelezo marefu, tukagawa vitabu, tukapiga picha. Baadaye tulipotembelea vituo tulikuta vitabu vimewekwa vizuri kabatini. Matabibu walitueleza kwa upole kwamba tumejibu swali ambalo hawakuuliza.

Walichosema ni hiki. Mgonjwa anafika na karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, nyingine imelowa mvua, nyingine imebaki kwa shemeji Dar es Salaam. Hakuna anayejua ni mionzi ya sehemu gani, ni dawa gani, na anatakiwa kurudi lini. Tabibu hana mtu wa kumpigia simu. Na mgonjwa mwenyewe hasemi kwamba alitibiwa saratani, kwa sababu hajui kama ina uhusiano na kinachomsumbua leo.

Kwa maneno mengine, zilikosekana taarifa, namba ya simu na tarehe. Mambo hayo matatu hayahitaji jengo.

Wengine wamefanyaje

Tatizo hili si la Katavi peke yake. Mwaka 2005 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba hata huko, mgonjwa anayemaliza matibabu ya saratani hupotea katikati ya hospitali kubwa na daktari wake wa kawaida. Ilipendekeza kila anayemaliza tiba apewe muhtasari wa maandishi: alitibiwa nini, kwa dawa zipi, atarajie nini, na nani atamfuatilia. Ikiwa nchi tajiri iligundua kwamba inahitaji karatasi, sisi hatuna sababu ya kuidharau.

Jirani zetu wa Uganda wametufundisha jambo lingine. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, na ilianza kutumia mofini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali majumbani mwao. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika dawa hiyo. Walikubali kwamba madaktari hawatatosha kufika kila kijiji, wakamjenga yule aliyepo. Na ndani ya kanisa letu, Hospitali ya Selian ya Arusha imekuwa na huduma ya kuwatembelea wagonjwa nyumbani kwa zaidi ya miaka ishirini, ikishirikiana na watu wa kujitolea wa sharika.

Lakini mfano ulio karibu zaidi tunao hapa hapa. Wengi wetu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya dawa za kufubaza VVU kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Leo mtu anayeishi na VVU ana kadi, ana namba, ana tarehe ya kurudi, na asipofika mtu anamtafuta. Tabibu na muuguzi wa kituo kidogo walijifunza kuhudumia ugonjwa wa maisha yote. Kilichowezekana kwa VVU kinawezekana kwa waliotibiwa saratani, ambao ni wachache zaidi.

Tunachojaribu kufanya

Kazi yetu sasa ina sehemu nne, na tunaifanya kwa kushirikiana na waganga wakuu wa wilaya ili tusijenge njia ya pembeni.

1. Kadi ya muhtasari. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotunzwa na mgonjwa ndani ya mfuko wa plastiki: aina ya saratani, mahali alipotibiwa, upasuaji aliofanyiwa, sehemu iliyopigwa mionzi, dawa alizopata, dawa anazoendelea nazo, tarehe ya kurudi kliniki, na namba ya simu ya kliniki. Nyuma yake zimeandikwa dalili za hatari. Mgonjwa anayesafiri huondoka nayo ikiwa tupu na kuomba ijazwe kabla ya kuruhusiwa. Aliyekwisha rudi husaidiwa na muuguzi kuijaza kutoka kwenye karatasi alizo nazo, na pale zisipoeleweka muuguzi hupiga simu.

2. Mafunzo mafupi kituoni. Badala ya semina ya mjini, muuguzi mwezeshaji humfuata tabibu kwenye zahanati yake kwa saa chache, wakajadili mgonjwa aliyepo. Tabibu hujifunza maswali matatu ya kumuuliza mtu mzima yeyote mwenye dalili zisizoeleweka: umewahi kutibiwa saratani, ulitibiwa kwa njia gani, na dawa zako bado unazo?

3. Simu. Tabibu anajua ampigie nani katika hospitali ya mkoa kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Mara nyingi ushauri wa dakika tano unaokoa nauli ya watu wawili. Mara nyingine unafanya mgonjwa asafirishwe siku hiyo hiyo.

4. Dawa zisikatike. Tunafuatilia wale wenye vidonge vya kila siku ili vinapobaki vya mwezi mmoja taarifa itolewe, na mtu anayesafiri kwenda Tabora, Mwanza au Dar es Salaam aweze kutumwa na karatasi sahihi.

Dalili za hatari zilizo nyuma ya kadi tunaziweka hapa pia, ili wajumbe wa kamati wazijue: uvimbe mpya popote, kutokwa damu upya, maumivu ya mgongo pamoja na miguu kukosa nguvu, ambayo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kikohozi kisichoisha, kupungua uzito bila sababu, macho kuwa ya njano, na kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nacho. Mwenye dalili hizi asipewe dawa za kujaribu. Apewe rufaa.

Kamati ya usharika ifanye nini?

Tumeulizwa swali hili mara nyingi, na majibu yetu ni machache.

Kwanza, msiache kufanya ibada ya shukrani, lakini badilisheni maneno. Mshukuruni Mungu kwamba matibabu yamekamilika, kisha mseme mbele ya wote kwamba ndugu huyu ataendelea kwenda kliniki na usharika utaendelea kuwa naye. Maneno hayo mawili yangemwokoa yule mama na miezi ya kujificha.

Pili, chagueni mtu mmoja wa kumfuatilia kila mgonjwa, ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali. Kazi yake ni kuuliza juu ya tarehe na vidonge. Atunze siri. Habari za ugonjwa wa mtu si tangazo la Jumapili, na orodha ya majina isibandikwe ukutani.

Tatu, mchango wa nauli ugawanywe. Msimalize fedha zote kwenye safari ya kwanza. Wekeni sehemu kwa safari za kurudi kliniki, kwa sababu hizo ndizo ambazo watu hushindwa.

Nne, tunasema kwa upendo lakini kwa uwazi: mtu yeyote asiwaambie wagonjwa waache dawa kwa kuwa wameombewa. Tunaomba, na tunameza vidonge. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa.

Tano, himizeni familia kujiunga na bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni vyema sharika zikafuatilia utaratibu wake katika halmashauri zao. Na wazazi wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wawapeleke wakapate chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Neno kwa wafadhili

Tunajua kwamba ni rahisi zaidi kuchangia kitu chenye kibao cha jina. Kazi hii haina kibao. Inahitaji kadi, vocha za simu, mafuta ya pikipiki ya muuguzi mwezeshaji, nauli za kliniki na akiba ndogo ya vidonge. Hatuombi mashine ya mionzi kwa ajili ya Mpanda. Mashine isiyo na wataalamu wa kuiendesha ni mzigo. Tunaomba tuweze kuwafuatilia wale ambao mashine za wengine zimekwisha kuwaokoa.

Tutatoa taarifa kwa mambo yanayohesabika: wangapi wana kadi iliyojazwa, wangapi wamehudhuria kliniki kwa tarehe yao, wangapi hawajakatiza vidonge. Na tutawaambia pia tunaposhindwa, kama tulivyofanya kuhusu semina.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 msaada mwingi wa Serikali ya Marekani ulisimamishwa ghafla, na huduma nyingi za afya barani Afrika zilitikisika. Tulijifunza kwamba kazi inayomhusu mgonjwa kwa miaka kumi haiwezi kusimama juu ya mfadhili mmoja wa miaka mitatu. Ndiyo maana tunataka sehemu ya gharama, hata iwe ndogo, ibebwe na sharika zenyewe. Wafadhili wakiondoka siku moja, kadi na mazoea ya kuulizana vibaki.

Mwisho

Sote tunaifahamu habari ya Msamaria Mwema. Tunapenda kuhubiri juu ya mafuta, divai na punda wake. Mara chache tunakumbuka kwamba alimkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha za matunzo, na akaahidi kurudi. Tabibu wa zahanati ndiye mwenye nyumba ya wageni. Amekabidhiwa mtu ambaye hakumtibu yeye, bila maelezo na bila fedha. Kazi yetu ni kumpa maelezo, kumwachia cha kutumia, na kurudi kuuliza.

Yule mama bado tunaye. Mkono wake haujawa kama wa zamani, lakini umepungua, na anaufunga mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Alianzishiwa tena vidonge baada ya daktari kumpima, na kadi yake ipo ndani ya Biblia yake. Siku moja mwanamke mwingine alirudi kutoka hospitali, na yeye ndiye aliyekwenda kumpokea stendi. Alimsalimu, akampokea mzigo, kisha akamwuliza, "Tarehe yako ya kurudi ni lini?"